Tumbaku ya kiko ya bei nafuu yenye ladha: kwenye pakiti inanukia vizuri, mdomoni inaunguza tu. Nifanyeje?

MgeniWaKiko

Wakuu, naomba msaada wenu. Nina pakiti mbili za tumbaku ya kiko ya bei ya chini, moja ya vanila na nyingine ya cheri. Ukifungua pakiti harufu inajaa chumba. Ukiwasha, mambo yanageuka:

- ulimi unachoma kuanzia katikati ya bakuli (tundu la kiko linalojazwa tumbaku), na kesho yake chakula hakina ladha
- inazimika kila baada ya dakika mbili tatu
- kiko kinakoroma, na chini panabaki tope jeusi lisiloungua
- ladha ya vanila inasikika mwanzoni kidogo, halafu ni moshi mtupu. Cheri ndiyo kabisa, haionekani

Kiko ni cha mti wa briar, hakina chujio. Je, tumbaku ndiyo mbovu nitupe, au kuna namna ya kuivuta? Sitaki kuambiwa ninunue ya ghali, nataka kujua hii inavutwaje.

---

MajivuMeupe

Usitupe. Karibu yote uliyoorodhesha yana chanzo kimoja, nacho ni maji. Tumbaku hizi hufungwa zikiwa mbichi makusudi ili zisikauke dukani na harufu isipotee, na juu ya maji huongezwa propilini glaikoli, kimiminika kinachoshika unyevu na kubeba ladha. Ukiitoa kwenye pakiti na kuijaza moja kwa moja, unachemsha kuliko unavyochoma. Mvuke ukifika ulimini unarudi kuwa maji, na hapo ndipo unapoachia joto lake lote. Moshi mkavu wenye joto lilelile hauumizi kiasi hicho.

Kwa hiyo anza kwa kukausha. Chukua gramu 2 hadi 3, kiasi cha bakuli moja la kawaida, itandaze kwenye karatasi nyeupe au sahani kavu bila kurundika. Iache dakika 30, kisha ipime kwa vidole: bana kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, halafu achia. Ikibaki imeshikana kama ulivyoibana, bado. Ikifumuka yenyewe polepole, iko tayari. Ikivunjika na kutoa vumbi, umepitiliza. Nyingine zinataka saa nzima, na kwenye hewa yenye unyevu hata mbili.

Angalizo: usisubiri ikauke kama majani ya chai, kwa sababu haitafika huko. Maji yanaondoka, lakini glaikoli inachemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi, kwa hiyo kwenye sahani inabaki palepale na vidole vitaendelea kuhisi utelezi. Wengi hudanganywa na utelezi huo, wanaendelea kukausha siku nzima, wanaishia na kitu kisicho na ladha na bado kinanata. Pima kwa kufumuka, si kwa kunata.

Kujaza. Mimina ya kwanza ijae hadi ukingoni kwa uzito wake yenyewe, ukigongagonga ubavu wa bakuli, kisha ishushe kwa kidole hadi nusu bila nguvu. Mimina tena hadi juu, ishushe hadi robo tatu. Ya tatu weka kidogo, ishindilie kidogo zaidi ya hizo mbili, na uache milimita 3 au 4 chini ya ukingo. Kabla ya kuwasha, vuta hewa: uzito wake uwe kama kunyonya maji kwa mrija. Ukiona kifua kinafanya kazi, mwaga yote ujaze upya. Usijaribu kuitengeneza kwa kuichoma na msumari juu, maana utatoboa njia moja ya hewa na moto utashuka nayo peke yake.

Tumbaku yenye glaikoli huvimba ikipata moto, kwa hiyo ijaze kwa ulegevu kuliko ungejaza tumbaku kavu. Hapa ndipo wengi wanapokosea na hii ya bei nafuu.

Kuwasha ni mara mbili. Mara ya kwanza zungusha moto juu ya uso wote huku ukipiga pafu fupi fupi. Majani yatajikunja na kuinuka. Acha izime. Laza majivu kwa kishindilio (kifaa kidogo cha kubonyezea tumbaku), kwa uzito wa kishindilio chenyewe tu. Washa tena. Njiti ya kiberiti iache kwanza ichome kichwa chake chote, vinginevyo salfa itaingia mdomoni na utasingizia tumbaku. Kiberiti cha gesi ni sawa, mradi moto uwe laini. Ule moto wa buluu unaotoka kwa kishindo utakata ukingo wa bakuli.

Halafu mwendo. Pafu moja dogo kila sekunde 30 hivi. Moshi ukiwa mwembamba ndiyo vizuri. Shika bakuli kwa kiganja na ulibandike shavuni: kama huwezi kulivumilia kwa sekunde tano, liweke chini lipoe, hata kama litazima. Kuzimika si kosa. Kiko kinachowashwa mara nne kikiwa cha baridi ni bora kuliko kinachowashwa mara moja kikawa tanuri.

---

Gunzi_la_Mahindi

Nakubaliana na MajivuMeupe kwa vanila, lakini kwa cheri saa nzima kwenye sahani ni nyingi mno. Ladha hizi hazifanani tabia.

Vanila kwenye tumbaku ya bei nafuu kwa kawaida ni vanilini, au dada yake etili-vanilini ambayo nguvu yake ni mara kadhaa zaidi. Ni kitu kizito, kinachemka kwenye nyuzi 285, na kwenye joto la chumba hakiruki kwa urahisi. Ukikausha saa nzima unapoteza maji, vanila inabaki karibu yote.

Cheri ni habari nyingine. Harufu ya cheri ya pakiti hutokana zaidi na benzaldehaidi, ileile inayonukia lozi chungu. Hiyo inachemka kwenye nyuzi 179, chini ya glaikoli yenyewe, na inapokutana na hewa inageuka taratibu kuwa asidi ya benzoiki isiyo na harufu ya maana. Kwa hiyo cheri ikausheni dakika 15 au 20, si zaidi, tena iliyo ya bakuli moja tu. Ramu na wiski vivyo hivyo: kileo kinaondoka haraka, kinachobaki ni utamu wa sukari.

Sasa swali lako la nne, kwa nini harufu ya pakiti haifiki mdomoni. Kuna sababu tatu zinazoenda pamoja.

Kwanza, ulimi wenyewe haujui vanila. Unajua tamu, chumvi, uchachu, uchungu na ule utamu wa supu. Vanila na cheri ni kazi ya pua. Ukivuta na kupuliza kwa mdomo, sehemu kubwa ya ladha inaenda hewani. Ndiyo maana aliyekaa pembeni anasikia keki na wewe unasikia moshi. Dawa yake ni kutoa puani: chukua pafu dogo, weka mdomoni, usivute mapafuni hata kidogo, funga midomo, kisha sukuma sehemu ndogo ya moshi huo nyuma ya kaakaa utoke puani polepole. Anza na robo ya pafu. Ikiwasha sana pua, ujue moto ni mkali au tumbaku ni mbichi.

Pili, kiwandani ladha inawekwa kwa hatua mbili. Kuna rojo ya mwanzo, ya sukari, kakao au susi, inayoloweka majani kabla ya kukatwa. Hiyo inaingia ndani na kubadilisha moshi wote. Kuna ya mwisho, inayonyunyizwa juu baada ya kukatwa. Hiyo ndiyo unayoinusa kwenye pakiti. Katika pakiti za bei nafuu nguvu kubwa iko kwenye hii ya pili. Joto la kaa linaifukuza kabla moto haujafika, ndiyo sababu inasikika theluthi ya kwanza ya bakuli kisha inafifia. Hilo huwezi kulimaliza, unaweza kulichelewesha tu kwa kuvuta polepole.

Tatu, jani lililo chini ya ladha. Nyingi ni Cavendish nyeusi, yaani jani lililopigwa mvuke na kushinikizwa hadi likawa jeusi na karibu halina ukali wala utamu wake mwenyewe. Ni kitambaa cheupe, rangi ikitoka unabaki na kitambaa. Ukitaka kitu kinachobaki mdomoni baada ya vanila kwisha, tafuta pakiti iliyo na Burley, aina nyingine ya jani la tumbaku, ya kutosha ndani yake.

Na tusidanganyane kwa kuwa harufu ni ya keki: nikotini inaingia kupitia ngozi ya ndani ya mdomo hata usipovuta mapafuni, na hatari ya saratani ya mdomo na koo haipungui kwa sababu ya vanila. Ukipata kizunguzungu na jasho baridi, weka kiko chini kwa siku hiyo.

---

MgeniWaKiko

Asanteni sana, hii ya kutoa puani sikuijua. Maswali mawili. Kwanza, hiyo Burley naweza kuichanganya mwenyewe na hizi nilizonazo? Pili, briar yangu sasa inanukia cheri hata nikiweka vanila. Ndiyo imeharibika?

---

Gunzi_la_Mahindi

Kuchanganya unaweza, na kwa maoni yangu ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kumaliza pakiti inayokera. Burley ni tumbaku ya hewa: jani linatundikwa kivulini wiki kadhaa, na katika muda huo sukari yake inaisha karibu yote. Linabaki jepesi, lenye vitundu, linanyonya chochote ulichoweka karibu nalo. Virginia, tumbaku ya mvuke inayokaushwa kwa joto ndani ya bani, inabaki na sukari nyingi; moshi wake ni wa asidi na ukiuvuta haraka unachoma ulimi hata bila ladha yoyote ya kuongezwa. Kwa hiyo ukitaka kupunguza makali usiongeze Virginia, ongeza Burley.

Kipimo cha kuanzia: sehemu 1 ya cheri kwa sehemu 2 za Burley isiyo na ladha nzito, kwa uzito. Prince Albert, iliyoko sokoni tangu 1907, au Carter Hall zinafaa, na zote ni za bei ya chini. Changanya kwa mikono mikavu, weka kwenye chupa ya kioo, shindilia kidogo, funga, acha wiki mbili. Unyevu wa cheri utahamia kwenye Burley kavu, na ladha pia. Ukifungua, harufu itakuwa ndogo kuliko ya pakiti, lakini kwenye moshi itakuwa wazi zaidi, na huenda usihitaji kukausha kabisa. Ikiwa kali sana kwa nikotini, tumia sehemu 1 ya cheri kwa sehemu 1 ya Burley.

Usichanganye vanila na cheri zenyewe kwa zenyewe. Unaongeza glaikoli juu ya glaikoli.

---

FundiShingo

Nijibu la kiko. Haijaharibika, imeshika harufu tu. Mti wa briar unanyonya, na ile kaboni inayojijenga ukutani inanyonya zaidi. Kaboni inayotokana na tumbaku hizi ni laini na yenye kunata, si ngumu kama ya tumbaku kavu, kwa hiyo usiiache izidi unene wa milimita 1. Ikizidi, ikwangue kwa kitu butu, si kisu chenye ncha, maana ncha itatoboa mti pale chini kwenye tundu la hewa.

Kuondoa harufu: jaza bakuli pamba, ziba shingo kwa kisafishio (waya mwembamba wenye nyuzi wa kusafishia kiko) kilichokunjwa, kisha dondoshea pombe kali isiyo na rangi wala sukari hadi pamba ilowe lakini isifurike. Iache saa 24 kiko kikiwa kimesimama wima. Pamba itatoka kahawia. Rudia kama bado inanuka, kisha acha kikauke siku mbili tatu kabla ya kuvuta. Wapo wanaotumia chumvi badala ya pamba. Inafanya kazi, lakini ikibaki ndani ya nyufa inaweza kupasua mti, na faida yake juu ya pamba siioni. Spiriti ya kuwashia usiiguse, ni sumu. Pombe isidondoke nje ya bakuli, maana itang'oa mng'ao, na usiitumie kwenye mdomo wa kiko ulio wa akriliki, unaweza kuota nyufa ndogo ndogo. Huo safisha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni.

Ila kusema kweli, kwa tumbaku zenye ladha kali kama cheri ningetumia kiko cha gunzi la mahindi na kuiachia briar vanila peke yake. Gunzi ni rahisi, halihitaji kuzoeshwa moto, na linakauka haraka. Likishika cheri, basi liwe la cheri maisha yake yote. Kampuni ya Missouri Meerschaum ya Marekani inayatengeneza tangu 1869 na kwa kawaida huyatoa na chujio la karatasi la milimita 6, ambalo kwa tumbaku yenye maji lina maana: linakunywa majimaji kabla hayajafika mdomoni. Chujio hilo litupwe likishageuka kahawia na kulainika, vinginevyo linaziba na wewe unaanza kuvuta kwa nguvu, joto linapanda, tunarudi kwenye ulimi.

Kitu kimoja cha kuangalia kwenye gunzi: mara nyingi shingo ya mti inachomoza ndani ya bakuli, sentimita moja hivi juu ya sakafu. Kipande hicho kikiungua kitakupa ladha ya mbao iliyowaka, na utadhani ni tumbaku. Changanya majivu na maji matone machache hadi yawe udongo mzito, paka sakafuni hadi usawa wa tundu la hewa bila kuliziba (acha kisafishio ndani ya tundu wakati unapaka), subiri siku mbili kikauke.

Kuhusu kukoroma. Ukisikia tu, usivute zaidi. Ingiza kisafishio kupitia mdomo wa kiko hadi kiguse bakuli, subiri sekunde kumi, toa. Kama kisafishio hakipiti bila kuchomoa mdomo, tundu la shingo na la mdomo havikulingana kiwandani, na hicho ni kiko kibaya kwa tumbaku yenye ladha, hata kiwe kizuri vipi kwa sura. Mdomo usichomolewe kikiwa cha moto: mti umetanuka, shingo itapasuka.

Tope la chini liache. Theluthi au robo ya mwisho ya bakuli imekuwa chujio la yote yaliyo juu yake. Hakuna ladha pale, kuna nikotini na majimaji. Mwaga, pitisha kisafishio kimoja kikavu, futa bakuli kwa karatasi laini, lipumzishe saa 24 kama ni briar.

---

PakitiKubwa

Nyongeza fupi upande wa kununua, maana neno "bei nafuu" lina mitego.

Kuna mifuko mikubwa iliyoandikwa tumbaku ya kiko lakini ukiifungua imekatwa nyuzi nyembamba kama nywele. Hiyo kwa kweli ni tumbaku ya kusokota sigara. Marekani ilipopandisha kodi ya tumbaku ya kusokota mwaka 2009 na kuiacha ya kiko chini sana, watengenezaji walibadilisha maandishi ya mfuko tu. Kwenye kiko inawaka haraka na moto mkali, na hakuna kukausha wala mwendo utakaoiokoa. Ya kiko halisi utaiona: utepe wa milimita 1 hadi 2, vipande vidogo vya mchemraba, au mchanganyiko wa rangi nyeusi na ya dhahabu.

Pia msilipie jina. Lane 1-Q, ambayo ni Cavendish yenye vanila, huuzwa kwa kupimwa kutoka mfuko mkubwa, na maduka mengi huipa jina lao wenyewe. Captain Black ile nyeupe iko jirani nayo kabisa kwa ladha. Ukinunua ya kupima, nusa kisha bana kwa vidole: ikikuachia unyevu unaoonekana kwenye ngozi unalipia maji. Borkum Riff zina utamu wa kileo na zinauma ulimi upesi kwa anayevuta haraka, kwa hiyo kwa sasa zipite.

---

MgeniWaKiko

Nimeelewa. La mwisho: pakiti ikishafunguliwa inakaa muda gani? Na je, ni kweli kipande cha tofaa ndani kinairudisha ikikauka?

---

MajivuMeupe

Tofaa hapana. Linarudisha unyevu pamoja na sukari na ukungu. Ikikauka kupita kiasi, itandaze, nyunyiza maji safi yaliyochemshwa yakapoa kwa chupa ya kupulizia, pulizo moja au mawili kutoka juu, changanya, fungia kwenye chupa ya kioo usiku mzima, pima tena kwa vidole. Au kipande cha kigae kisichopakwa rangi, kilichozamishwa majini robo saa na kufutwa, kiweke ndani ya chupa siku moja kisha kitoe.

Pakiti ya plastiki yenyewe, hata ukiikunja vizuri, baada ya wiki chache itakuwa imepoteza cheri. Siku unayoifungua ndiyo siku ya kuihamishia kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wenye mpira, iliyojaa karibu hadi juu ili hewa ndani iwe kidogo, na iwekwe gizani mbali na jiko. Usiitunze miaka ukitegemea itaboreka. Virginia tupu inaweza kukomaa kwenye chupa, hizi zenye ladha zinafifia tu, kwa hiyo nunua kiasi cha miezi michache. Ukiona manyoya meupe au ya kijani na harufu ya chumba kilichofungwa, ni ukungu: tupa chupa nzima, usichague iliyo safi. Vumbi jeupe linalong'aa kwenye jani bila harufu mbaya huwa ni chembe za sukari na chumvi za jani lenyewe, hilo halina neno.

---

FundiShingo

Na kama ulimi bado unauma kutoka bakuli la jana, leo usivute. Hakuna mwendo wala ukaushaji utakaokupa majibu sahihi kwenye ulimi ulioungua. Ngoja siku mbili tatu, anza na vanila, bakuli nusu, kwenye kiko kilichosafishwa.